Fulana Zinenazo: Jinsi ya Kuagiza Mavazi ya Chapa Bila Kupoteza Fedha wala Heshima

(Maandishi ya mazungumzo ya wakili mmoja mbele ya wanaharakati na wawakilishi wa vikundi vya kanisa)



Nimewaona baadhi yenu mkitabasamu katibu alipoisoma mada yangu. Mmezoea kwamba wakili akialikwa katika mkutano kama huu huja kunena juu ya Katiba, juu ya dhamana, juu ya mahabusu. Leo nimeombwa ninene juu ya fulana. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa katika kazi yangu nimeona vikundi vikivunjika si kwa rungu la polisi bali kwa fulana mia mbili zilizokuja zimekosewa, huku mweka hazina hana risiti na mpiga chapa hapokei simu. Na fedha hizo zilikuwa za nani? Zilikuwa sadaka ya mjane, mchango wa mchuuzi wa mboga, na harambee ya vijana wasio na kazi. Ukiondoa nauli, sidhani kikundi kidogo kinachojitayarisha kwa maandamano ya amani, au kwa kuwaelimisha wapiga kura, kina matumizi makubwa kuliko fulana.

Wala nguo yenye maandishi si jambo la kigeni kwetu. Watu wa pwani wamekuwa wakisema kwa leso tangu zama za mabibi zetu. Leso bila jina lake haijakamilika. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa kuwa miongoni mwa waliozieneza leso zenye maandishi mwanzoni mwa karne ya 20. Mke mwenza, jirani mmbea, mume asiyeshukuru, wote wamejibiwa kwa leso pasipo kinywa kufunguliwa. Na katika historia ya mageuzi yetu, ni nani asiyekumbuka akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokusanyika Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992, na jinsi, polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivyovua nguo zao kuwa laana kwa dhuluma ile? Nguo, ikivaliwa au ikivuliwa, ni usemi. Huko Afrika Kusini, wanaharakati wa Treatment Action Campaign, shirika lililoanzishwa Desemba 1998, walichapa fulana zenye maneno mawili tu, "HIV POSITIVE", wakazivaa wote, wagonjwa kwa wasio wagonjwa, hata ikawa hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Mwaka 2002 Nelson Mandela mwenyewe aliivaa. Hotuba ngapi zingefanya kazi iliyofanywa na fulana ile moja?

Sasa tuingie katika karakana ya mpiga chapa, maana huwezi kuandikiana mkataba na fundi ambaye hujui anafanya nini.

Uchapaji wa skrini ni kazi nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya vizuri. Wavu mwembamba, ambao zamani ulikuwa wa hariri na leo ni wa nyuzi za poliesta, hukazwa juu ya fremu ya mbao au ya alumini. Wavu hupakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Mchoro wenu, uliochapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi angavu, hulazwa juu yake, taa kali huwashwa, na palipozibwa na weusi wa mchoro dawa haigandi, bali huoshwa kwa maji na kuacha matundu. Fundi huweka fulana chini, huteremsha skrini, humwaga wino na kuukwangua kwa bapa la mpira. Wino hupenya palipo wazi tu. Basi. Mwingereza Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1907, na kiini chake hakijabadilika tangu hapo.

Kutokana na maelezo hayo mnaweza kuyatambua wenyewe mambo ambayo wengi huyaona kuwa ujanja wa mpiga chapa. La kwanza ni kwamba kila rangi huhitaji skrini yake. Mchoro wa rangi tatu ni skrini tatu, na ukiongeza maandishi mgongoni ni skrini nyingine. La pili ni kwamba gharama ya kutayarisha skrini ni ileile, uchape fulana 10 au 500. Tuseme, kwa mfano tu, kila skrini inatayarishwa kwa shilingi 1,000 nanyi mna skrini tatu. Kwa fulana 20, kila fulana inabeba shilingi 150 za matayarisho; kwa fulana 200, inabeba shilingi 15. Ndiyo maana parokia tatu zikiagiza pamoja hulipa kidogo kuliko zikienda kila moja kivyake, na ndiyo maana fulana 12 za kwaya pengine zifaa kufanywa kwa njia nyingine, kama vile ile ya kuchapa kwenye karatasi maalumu kisha kubandika kwa pasi ya joto. Mpiga chapa mwaminifu atawaambia hivyo mwenyewe.

La tatu linawahusu hasa vijana, wapendao fulana nyeusi. Wino wa rangi ukiwekwa moja kwa moja juu ya kitambaa cheusi huzama na kufifia. Sharti kwanza ichapwe tabaka nyeupe ya msingi, nayo hiyo ni skrini zaidi na kazi zaidi. Maandishi meupe peke yake juu ya fulana nyeusi hupendeza na hayana gharama kubwa. Bendera nzima juu ya fulana nyeusi ni shughuli nyingine. Na kwa kuwa nimeitaja bendera: iko Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, Sura ya 99, inayozuia alama za taifa kutumiwa kwa biashara bila idhini ya maandishi. Mkitaka kuziuza fulana ili kuchangisha fedha, msiweke nembo ya taifa juu yake kabla ya kutafuta ushauri. Vilevile msichague vitambaa vya mabakamabaka ya kijeshi, hata kama ndiyo mtindo. Mtawapa wasiowapenda sababu ya kuwakamata ambayo haina uhusiano wowote na ujumbe wenu.

Kuhusu kitambaa sitasema mengi. Ulizeni ni pamba tupu au imechanganywa na poliesta, na uzito wake ni gramu ngapi kwa mita mraba. Fulana ya gramu 180 hustahimili ufuaji mwingi. Ile ya gramu 120 mwanga hupenya, na dada zetu hawatakubali kuivaa kanisani. Poliesta nyekundu ina tabia ya kutoa rangi yake na kuupaka wino mweupe uwekundu baada ya siku chache, hivyo fulana iliyokuwa na maandishi meupe asubuhi ya Jumatatu huwa na maandishi ya waridi Jumapili. Saizi nazo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Ombeni fulana moja ya kila saizi mjaribishe kabla ya kuhesabu. Msiwasahau watu wazima wenye miili. Nimehudhuria mkutano ambapo wazee wa kanisa walikaa mstari wa mbele katika makoti yao huku fulana zao, zote za vijana wembamba, zikiwa zimekunjwa mapajani.

Jambo lenye uzito kuliko yote katika uchapaji ni joto. Wino wa kawaida wa fulana, ule unaoitwa plastisoli, haukauki kwa upepo wala kwa jua. Hauivi mpaka upate joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi katika unene wake wote. Ukiugusa baada ya kupoa utadhani umekauka, kumbe juu umeiva na chini ni mbichi. Ufuaji wa pili huubandua kama ganda. Mpiga chapa anayekimbizana na wateja kumi usiku wa kuamkia mkutano hupunguza hapo. Kwa hiyo daini fulana moja ya mfano mapema. Ivuteni kwa mikono miwili mahali penye maandishi: wino ukipasukapasuka, haujaiva. Kisha mpeni mama mmoja aifue kwa sabuni ya kipande, aikamue kwa nguvu na kuianika juani, arudie mara tatu. Mama huyo ndiye mkaguzi bora kuliko mhandisi.

Hiyo fulana ya mfano inanirudisha katika shamba langu, yaani sheria.

Kikundi kimoja cha vijana, ambacho sitakitaja, kiliagiza fulana 150 za kuwahimiza watu kujiandikisha kuwa wapiga kura. Maneno yaliyochaguliwa yalikuwa "KURA YAKO, SAUTI YAKO". Mabunda yalifika jioni ya siku ya mwisho. Yalipofunguliwa, kila fulana ilisema "KULA YAKO, SAUTI YAKO". Katika nchi ambayo kula ni jina la pili la ufisadi, mnaweza kufikiri kicheko kilichowangoja vijana wale sokoni. Waliponijia walikuwa wameshawishika kwamba mpiga chapa alihongwa. Naye alisema kwa utulivu: ndivyo nilivyoandikiwa. Ujumbe wa simu ulipotafutwa ilionekana kwamba kijana mmoja alituma "kula" saa nne za usiku, na katibu alituma "kura" asubuhi yake, wala hakuna aliyemwambia fundi kwamba wa pili unafuta wa kwanza. Hapakuwa na karatasi iliyotiwa sahihi. Hapakuwa na fulana ya mfano. Mwisho wa yote hasara iligawanywa nusu kwa nusu, na sioni kwamba mahakama ingewapa vijana wale zaidi ya hapo.

Tazameni basi kinachotakiwa. Kabla skrini haijatengenezwa, mpiga chapa awape karatasi ya mchoro kamili, kwa ukubwa wake halisi, ikionyesha mahali pake kifuani au mgongoni, na rangi kwa nambari ya Pantone. Msiseme "kijani" tu, kwani kijani cha mgomba si kijani cha bendera. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti na watu watatu, mmoja wao akiisoma herufi kwa herufi kuanzia nyuma, kwa maana jicho lililozoea maneno huona linachokitarajia. Kisha mtu mmoja aliyeteuliwa aitie sahihi na tarehe, na mpiga chapa atie yake. Tangu hapo, kosa lililomo katika karatasi ni lenu, na kosa lisilomo katika karatasi ni lake. Mchoro wenyewe mpelekeeni katika faili ya mistari, si picha iliyopigwa kwa simu. Picha ya simu ikikuzwa hadi upana wa kifua huwa madoa.

Je, huu ni uuzaji wa bidhaa au ni kazi ya ufundi? Mahakama za Uingereza ziliumiza kichwa juu ya swali hili, mwaka 1861 katika kesi ya meno ya bandia, ambayo yalihesabiwa kuwa bidhaa, na mwaka 1935 katika kesi ya picha ya kuchorwa, ambayo ilihesabiwa kuwa kazi ya ustadi. Kwetu tofauti ina faida hii: ikiwa mpiga chapa ndiye atoaye fulana na kuzichapa, ameuza bidhaa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasimama nyuma yenu. Ikiwa mmenunua fulana wenyewe kwingine na kumpelekea achape tu, amewauzia ufundi wake, na itawabidi kuandika waziwazi ni nani atalipa fulana akiziharibu. Wapiga chapa wengi huandika chini ya ankara, kwa herufi ndogo sana, kwamba hawalipi. Someni herufi ndogo.

Sura ya 31 ina mambo ambayo kila mweka hazina angepaswa kuyajua kama ajuavyo Baba Yetu. Kifungu cha 6 kinasema mkataba wa bidhaa za thamani ya shilingi 200 na zaidi, kiasi cha zamani ambacho leo hakitoshi hata fulana moja nzuri, hautekelezeki mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea na kukubali sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yenye sahihi ya anayeshtakiwa. Kwa hiyo malipo yenu ya kwanza yana nguvu ya kisheria; yafanyeni kwa njia inayoacha alama, kwa M-Pesa ya duka au kwa benki, wala si mkononi mwa kijana wa kaunta. Kifungu cha 15 kinataka bidhaa zilingane na maelezo, cha 16 kinahusu ubora na kufaa kwa shughuli mliyomweleza muuzaji, na cha 17 kinataka shehena nzima ilingane na sampuli. Ndiyo sababu nasisitiza ile fulana ya mfano itiwe sahihi ndani ya ukosi na kuwekwa na katibu. Bila sampuli, kifungu cha 17 kinawafaa nini? Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, imeufanya ubora wa kuridhisha kuwa haki ya mtumiaji, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeongeza juu ya hayo.

Lakini haki hizi hupotea kwa haraka. Mnunuzi anayo nafasi ya kukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kuwa ameukubali. Akishasema nimekubali, au akiutumia kama mali yake, au akiukalia kwa muda mrefu bila neno, hawezi tena kuukataa. Kinachobaki ni kudai fidia tu. Mkizigawa fulana na watu wakazivaa katika maandamano, mmezikubali, hata kama nusu yake zimepinda. Fungueni mabunda dukani. Hesabuni. Chukueni chache kutoka katikati ya bunda, si za juu tu. Zikipungua idadi mna haki ya kukataa zote, au kuzipokea na kulipia zilizoletwa peke yake. Na kwa kuwa fulana za tarehe fulani hazina thamani siku ya pili yake, andikeni kwamba siku ya kukabidhi ni sharti la msingi la mkataba, na iwe walau siku nne kabla ya shughuli. Miaka ya uchaguzi mkuu iongezeni ikawa majuma mawili, maana vyama hujaza kila karakana kuanzia River Road hadi Industrial Area, na mteja mdogo husukumwa pembeni.

Sasa nifike katika jambo ambalo lilinifanya nikubali mwaliko huu.

Mpiga chapa hubaki na vitu baada ya kuwakabidhi fulana zenu. Hubaki na skrini yenye mchoro wenu. Hubaki na ile karatasi angavu. Hubaki na fulana zilizoharibika, na mara nyingine na ziada, kwa kuwa fundi mzoefu huchapa chache zaidi akijua nyingine zitaharibika. Vitu hivyo vikiangukia mikono mibaya, mtu asiyewatakia mema anaweza kuchapa fulana hamsini zinazofanana kabisa na zenu na kuwavisha wahuni wa kukodiwa. Maduka yatakapovunjwa, picha gazetini itaonyesha fulana ya nani? Nanyi mnajua kwamba wahuni wa kukodiwa si hadithi katika nchi hii. Basi andikeni katika agizo kwamba idadi itakayochapwa ijulikane, zilizoharibika zikabidhiwe kwenu pamoja na nzuri, karatasi angavu irudishwe, na skrini ioshwe mbele ya mwakilishi wenu. Kuosha skrini si usumbufu. Mpiga chapa huiosha hata hivyo ili aitumie tena. Andikeni pia kwamba haruhusiwi kuipiga picha kazi yenu na kuitangaza kabla ya siku yenyewe. Mchoro ukitengenezwa na mchoraji wa hapo dukani, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, huhesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Angalieni basi msitie sahihi mapatano mengine bila kujua.

Kuna na orodha ya majina. Nimeona vikundi vikimpelekea mpiga chapa daftari lote: jina, nambari ya simu, kanisa, saizi. Mpiga chapa anahitaji kujua kwamba mnataka fulana 40 za saizi ya kati na 25 kubwa. Hahitaji kujua ni nani watakaozivaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, lakini hata pasipo sheria hiyo, orodha ya wanaharakati haifai kulala juu ya kaunta ya duka ambamo kila mtu huingia. Mkitaka majina yachapwe mgongoni, jambo ambalo siwashauri, andikeni jina la kwanza peke yake.

Na maneno yenyewe? Mpiga chapa anayo haki ya kuyasoma na hata kuyakataa, nasi tusimwite mwoga upesi. Wapo wapiga chapa walioumia kwa ajili ya mageuzi. Mwaka 1993 polisi walivamia kiwanda cha Fotoform jijini Nairobi, kilichokuwa kikichapa majarida ya upinzani, wakailemaza mitambo yake. Mwandishi alikuwa na kalamu, lakini mpiga chapa ndiye aliyekuwa na mashine ya kupoteza. Siku hizi kosa la uchochezi dhidi ya serikali lililotumiwa enzi zile halimo tena, lilifutwa katika mageuzi ya mwaka 1997, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikitangua kifungu cha jinai cha kumharibia mtu jina. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda usemi wenu, pamoja na ule usiopendeza wakubwa. Lakini hailindi uchochezi wa ghasia wala chuki, na Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008 humgusa anayechapa na anayesambaza maneno ya chuki ya kikabila sawa na aliyeyatunga. Madai ya fidia kwa kumvunjia mtu heshima nayo yangalipo. Mkiandika "Komesheni wizi wa mali ya umma", hakuna atakayewashtaki. Mkiandika jina la mtu na neno mwizi chini yake, awe na ushahidi mkononi atakayetia sahihi agizo lile, na fundi aelezwe kabla.

Nani basi atie sahihi? Kikundi kisichosajiliwa si mtu mbele ya sheria. Hata chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hushtaki na kushtakiwa kupitia maafisa wake. Aliyetia sahihi "kwa niaba ya vijana wa parokia" anaweza kujikuta akidaiwa deni lote kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo asiachiwe kijana mmoja mwenye bidii. Watie sahihi maafisa wawili, baada ya mkutano kuidhinisha kiasi, na kumbukumbu ziandikwe. Malipo yagawanywe: nusu wakati wa kuagiza, na salio baada ya ukaguzi dukani, si kabla. Fahamuni kwamba muuzaji asiyelipwa ana haki ya kuuzuia mzigo hadi alipwe, hivyo salio liwe tayari siku hiyo, msije mkasimama mlangoni mkichangishana.

Pakitokea mgogoro, msikimbilie polisi. Deni si jinai, wala fulana mbovu si wizi. Andikeni barua ya madai, mkiambatanisha nakala ya karatasi ya mchoro na picha za kasoro, mkimpa siku saba. Wengi hulipa au huchapa upya hapo, kwani jina la duka ndilo mtaji wao. Asipojibu, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hutakiwa kuamua katika siku 60, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Ndiyo, nimewaambia hamhitaji wakili, wenzangu watanilaumu.

Nimechapa karatasi ya mfano wa agizo, ukurasa mmoja, yenye nafasi za idadi kwa saizi, nambari za rangi, siku ya kukabidhi, skrini kuoshwa na sahihi mbili. Iko mezani kwa katibu karibu na mlango, pamoja na fulana mbili za sampuli, moja iliyoiva wino na moja isiyoiva. Zivuteni muone tofauti, kisha nitapokea maswali, nikianza na mama yule aliyeinua mkono tangu nilipotaja poliesta nyekundu.